Majina ya wateja yanajirudia mara tatu baada ya kuunganisha simu mbili na kompyuta

Nabintu wa Kadutu aliandika:

Jambo kwenu wote. Ninauza vitenge soko la Kadutu, hapa Bukavu, na simu yangu ndiyo daftari langu la wateja. Ninao wa Bagira na Panzi, wa Kavumu, wa Idjwi wanaokuja kwa mashua, wa Kamembe nchini Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, wa Uvira, na wachache wa Bujumbura. Wengi huchukua mali kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo kwa Airtel Money au M-Pesa. Kwa hiyo kwangu jina na namba ni pesa.

Nilikuwa na Android moja yenye laini mbili, Airtel na Vodacom. Nina pia laini ya Rwanda ya kutumia nikivuka, na WhatsApp ya biashara nimeiandikisha kwa namba hiyo, kwa sababu wateja wa Kamembe ndio walioanza kuagiza kwa picha. Mwaka huu binti yangu amenipa iPhone, na mwanangu ameweka kompyuta dukani ili orodha ya madeni ikae humo. Kijana mmoja wa simu akanihamishia majina: akayatoa yaliyo kwenye kadi za SIM, akatoa faili kutoka Android, yote akayatia kwenye akaunti ya Google, kisha akaunganisha iPhone na kompyuta kwenye akaunti hiyohiyo.

Tangu hapo kila mtu yuko mara mbili, mara tatu. Nikitafuta "Mama Furaha", kioo kinajaa. Wengine ni nakala kabisa. Wengine namba ni ileile, ila moja inaanza na 099 na nyingine na +24399. Na kuna jambo linaloninyima usingizi: mimi nina Mama Furaha watatu wa kweli. Mmoja ni wa Bagira, ananunua kwa kuuza rejareja. Mmoja yuko Kamembe. Wa tatu tunaimba naye kwaya. Simu inaniambia imekuta majina mengi yanayofanana, inataka nikubali yaunganishwe yote kwa mkupuo. Ninakiogopa kitufe hicho. Nikiwaunganisha wanawake hao, deni la mmoja litamwangukia mwenzake, na ujumbe wa kumkumbusha aliyechelewa utaenda kwa aliyekwisha kulipa. Heshima ya mteja ikivunjika hivyo hairudi.

Tena nilifuta nakala kwenye Android jioni, asubuhi zimerudi. Zinatoka fasi gani? Ninaomba mwenye kujua anieleze polepole.

Fundi wa Nyawera alijibu:

Mama Nabintu, salama. Usikibonyeze kitufe hicho, walau si leo. Kimetengenezwa kwa watu wanaoandika jina la mtu na la ukoo wake. Sisi tunaandika Mama Furaha, Papa Amani, Muzee wa Idjwi, Mushona nguo Panzi. Jina la namna hiyo linataja mtoto au kazi au mtaa, na watu kumi wanaweza kuwa nalo. Programu inaona herufi zinalingana, inapendekeza muungano. Haijui kwamba Bukavu kina Mama Furaha wamejaa kila parokia.

Ndani ya fujo uliyo nayo kuna watu wa aina tatu, na ukiwatendea sawasawa utaharibu.

Kuna nakala halisi: jina lilelile, namba ileile, mtu yuleyule. Hizo ni rahisi, nitazirudia.

Kuna mtu mmoja mwenye laini tatu. Hapa kwetu karibu kila mfanyabiashara ana Airtel, Vodacom na Orange, na sisi tumezoea kumwandika "Furaha Airtel", "Furaha Voda", "Furaha Orange" ili tujue tumpigie kwa unite (salio) zipi. Hao ni mtu mmoja. Wakae kwenye kadi moja yenye namba tatu, kila namba na lebo yake. Hapo ndipo kuunganisha kunafaa kweli, na programu peke yake haitawaona kwa sababu jina limeandikwa tofauti na namba ni tofauti. Ni lazima ufanye kwa mkono, wewe unayewajua.

Halafu kuna kina Mama Furaha wako. Anza na hao. Kabla hujafuta chochote, kabla hujaunganisha chochote, wape majina yanayowatofautisha: Mama Furaha Bagira, Mama Furaha Kamembe, Mama Furaha Kwaya. Usiandike tofauti hiyo kwenye sehemu ya maelezo, iandike kwenye jina lenyewe, kwa sababu jina ndilo unaloliona simu ikilia na ndilo programu inalolilinganisha. Kazi hii inachosha. Ifanye jioni, kikombe cha chai kando, herufi moja moja. Hakuna programu itakayoifanya badala yako.

Sasa hizo 099 na +24399. Namba ya Kongo ukiwa nyumbani ni sifuri na tarakimu tisa. Ukiwa nje ni +243 na tarakimu zilezile tisa, sifuri imeondoka. Mtu akikaa na laini ya Rwanda mkononi, pale Kamembe, akipiga 099, simu inatafuta namba hiyo ndani ya Rwanda na haiipati. Kwa hiyo wengi wetu tunamwandika mtu mara ya pili kwa +243. Na kwako kuna sababu nyingine: WhatsApp yako iko kwa namba ya Rwanda. WhatsApp ikikuta namba isiyo na alama ya + huisoma kama ya nchi ya namba uliyojiandikishia. Mteja wa Bagira aliyeandikwa 099 hataonekana kwenye WhatsApp yako, ingawa anayo. Ninadhani wengi uliwaandika upya kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni moja: kila namba, hata ya jirani yako wa meza, ianze na +. +243 kwa Kongo, +250 kwa Rwanda, +257 kwa Burundi. Namba yenye + inapigika Kadutu, inapigika Kamembe, inapigika Bujumbura. Ukishabadilisha hivyo, sababu ya kumwandika mtu mara mbili imekufa.

Bahati wa Essence aliandika:

Mama, mbona mnajitesa? Kuna programu za bure za kusafisha majina. Unapakua, unaruhusu, dakika chache kazi imekwisha. Mimi nilifanya hivyo na simu yangu iko safi.

Fundi wa Nyawera alijibu:

Bahati, kaka, kwako inaweza kuwa imekwenda vizuri, lakini mama huyu usimpeleke huko. Programu hiyo haiwezi kufanya kazi bila kuruhusiwa kusoma majina yote na kuyaandika. Ikishasoma, inaweza kuyapeleka nje ya simu, na wewe huoni. Kwenye simu ya Mama Nabintu kuna watu wanaomdai na anaowadai, katika nchi tatu. Hawakumpa namba zao ili zifike kwa mtengeneza programu asiyejulikana. Google Contacts na simu zenyewe zina kifaa cha kuunganisha ndani yake. Hakuna haja ya kumkaribisha mtu wa tatu.

Na kuhusu dakika chache: kusafisha haraka ndiko kunakounganisha Mama Furaha wa Bagira na wa kwaya.

Mwalimu wa Ibanda aliandika:

Ninafundisha informatiki, niruhusuni nijibu lile swali la kwa nini nakala zinarudi asubuhi, maana bila kulielewa hilo mama atafagia kila wiki.

Mama Nabintu, ndani ya Android yako majina hayakai mahali pamoja. Kuna yaliyo kwenye kadi ya SIM. Kuna yaliyo kwenye simu yenyewe. Kuna yaliyo kwenye akaunti ya Google. WhatsApp nayo inajionyesha kama akaunti. Programu ya majina inayachota yote na kukuonyesha orodha moja, kwa hiyo unadhani ni daftari moja. Ulipofuta jioni, huenda ulifuta nakala ya kwenye simu huku ya Google iko salama, au ulifuta wakati simu haina mega (data ya intaneti) na Google haikupata habari, au kompyuta ya dukani ilikuwa na kitabu chake yenyewe na ikawarudisha. Fungua mipangilio ya programu ya majina, utaona sehemu ya kuchagua akaunti gani zionyeshwe. Onyesha moja moja. Utashangaa jinsi kila ghala lilivyo na watu walewale.

Faili aliyoitoa kijana yule bila shaka inaishia na .vcf. Hiyo ni vCard, ni maandishi tu, unaweza kuifungua na kuisoma. Kila mtu anaanzia BEGIN:VCARD na kuishia END:VCARD, katikati kuna FN ambayo ni jina na TEL ambayo ni namba. Kuna sehemu nyingine, UID, ambayo ni kitambulisho cha kadi hiyo, tofauti na jina. Toleo 2.1 ni la mwaka 1996, 3.0 ni la 1998, 4.0 ni la 2011, na simu nyingi za Android mpaka leo hutoa faili ya 2.1 isiyo na UID. Faili ya namna hiyo ikiingizwa, kila kadi hupewa kitambulisho kipya. Ikiingizwa tena, hupewa kingine kipya. Kwa macho yako ni Mama Furaha yuleyule, kwa mashine ni mgeni aliyeingia leo.

Kusawazisha, yaani vifaa kulinganisha majina yao na ya akaunti vyenyewe kupitia intaneti, ni jambo lingine kabisa. Njia inayotumiwa na kompyuta nyingi, CardDAV, ambayo kanuni yake ilitolewa mwaka 2011, inalinganisha kila kadi kwa anwani yake kwenye seva na alama ya toleo lake. Jina haliliangalii. Ukibadilisha kadi kwenye iPhone, alama inabadilika, kompyuta inajua kwamba ni kadi ileile imeguswa. Kwa hiyo kusawazisha hakuzai nakala. Kinachozaa ni kuingiza faili, na kuingiza kutoka SIM. Kusawazisha kunachukua kilichozaliwa na kukipeleka kwenye kila kifaa. Ndiyo sababu ninawaambia wanafunzi: kwenye akaunti inayosawazishwa, usiingize faili ileile mara ya pili, hata kama unadhani ya kwanza haikuingia. Tazama kwanza.

Fundi wa Nyawera alijibu:

Mwalimu amesema kweli tupu. Nimalizie na kazi ya mikono.

Mama, leo usiku toa faili ya akiba ya majina yote ya Google jinsi yalivyo, pamoja na uchafu wake, uiweke kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kumbukumbu. Usiifute hata ukishamaliza. Kisha zima kusawazisha majina kwenye Android, kwenye iPhone na kwenye programu ya kompyuta. Kazi yote uifanye kwenye tovuti ya Google Contacts, kwa kompyuta ya mwanao, si kwa kidole kwenye kioo.

Hapo utafute jambo ambalo watu wengi hawalijui. Google ikipokea faili, huyabandika majina yote ya faili hiyo lebo yenye tarehe ya kuingizwa. Angalia upande wa lebo. Kama kijana aliingiza faili mara mbili, utaona lebo mbili. Fungua ya pili, linganisha majina kadhaa unayoyajua, na ukiona ni nakala tupu, futa kundi hilo zima kwa mara moja. Yaliyofutwa hukaa kwenye «Corbeille» (pipa la taka) siku 30. Kuna pia njia ya kurudisha daftari zima lilivyokuwa, hadi siku 30 nyuma. Kama uhamisho ule haujapita siku hizo, ungeweza hata kurudi siku ya kabla yake. Lakini wateja wapya ulioandika tangu hapo wangeondoka, ndiyo maana faili ya akiba inatangulia kila kitu.

Baada ya hapo wape majina kina Mama Furaha, weka + kwenye namba, unganisha wenye laini tatu. Ndipo ufungue «Fusionner et corriger» (kuunganisha na kurekebisha). Mapendekezo yatakuwa machache, na uyakubali moja moja. Kile kitufe cha kukubali yote kiache kilipo.

Kadi za SIM uziache na majina yake kama akiba ya zamani, ila uzifiche kwenye orodha na usikubali tena simu ikikuuliza uingize majina ya SIM. Kadi hizo kwa kawaida hubeba majina 250 hivi, jina fupi na namba moja tu kwa kila mstari, kwa hiyo zikichotwa upya zitakuletea tena kina "Mama Furaha Kam" waliokatwa katikati.

Nabintu wa Kadutu aliandika:

Aksanti sana, fundi, aksanti mwalimu. Nimekaa na mwanangu dukani, tumefanya mnavyosema. Lebo za tarehe zilikuwapo, mbili, za siku ileile. Tumeilinganisha ya pili, ilikuwa nakala tupu, tumeifuta. Orodha imepumua. Kina Mama Furaha wamepata majina yao, na nimewaongeza kina Papa Amani, ambao sikujua kama ni wengi kiasi hicho mpaka nilipowaona kwenye kompyuta.

Nimekwama kwa watu wa nyumba moja. Kule Kavumu nina mume na mke wanaotumia namba moja. Mke anachukua vitenge, mume anachukua kitambaa cha suti, na kila mmoja ana deni lake. Google inasema waunganishwe kwa sababu namba ni moja. Na Idjwi kuna mama ambaye hana simu, ninampata kwa namba ya jirani yake, ambaye naye ni mteja wangu. Nifanye nini na hao?

Fundi wa Nyawera alijibu:

Usiwaunganishe. Kila pendekezo lina njia ya kulikataa, likatae, halitakusumbua kwa watu hao. Namba moja kwenye kadi mbili si kosa, ndiyo hali yenyewe ya nyumba hiyo. Ubaya wake ni mmoja: simu ikilia kutoka Kavumu, utaona jina la mmoja wao tu, huwezi kujua ni nani anayepiga. Kwa hiyo kwenye jina la kila mmoja taja mwenzake: "Mama Amani Kavumu (na Papa)", "Papa Amani Kavumu (na Mama)". Ukipokea, unauliza kwanza ninaongea na nani, kabla ya kutaja deni.

Yule wa Idjwi umwandike kwa jina lake na uongeze "kwa jirani". Siku akipata simu yake utaiondoa namba ya jirani kwenye kadi yake. Muulize kila akija sokoni, maana watu hubadilisha laini, na kampuni za simu humpa mtu mwingine namba iliyolala muda mrefu.

Mama Tulizo, Uvira, aliandika:

Dada Nabintu, mimi niko Uvira na nina shida kama yako kwa upande wa Burundi, nikuongezee moja. Namba za Burundi zina tarakimu nane na hazianzi na sifuri. Watu wa kwetu waliozoea za Kongo huongeza sifuri baada ya +257, namba inakuwa ndefu na haipigiki. Halafu wanaandika mtu upya wakidhani amebadilisha laini. Ukipitia wa Bujumbura, hesabu tarakimu: nane baada ya +257, si zaidi.

Na iPhone hiyo mpya uitazame mahali pamoja. Mimi nilipokuwa na yangu, kila mteja mpya niliyemwandika alikuwa anakwenda iCloud, yaani akaunti ya Apple, wa zamani wako Google. Kwenye mipangilio ya majina kuna kuchagua akaunti ya kawaida ya kuhifadhi. Weka Google. Usipoweka hivyo, dukani kompyuta haitamwona mteja huyo, mwanao atamwandika tena, na utakuwa naye mara mbili.

Nabintu wa Kadutu aliandika:

Dada Tulizo, nimetazama sasa hivi: ilikuwa iCloud. Walioingia huko ni wa wiki hizi tu, ninawahamisha kwa mkono leo kabla ya kuwasha kusawazisha. Nitawasha kwenye kompyuta kwanza, nitazame mpaka kesho, ikitulia ndipo Android, kisha iPhone. Wa Bujumbura nimewahesabia tarakimu, wawili walikuwa na sifuri ya ziada. Mmoja wao nilidhani amenikimbia na vitenge vyangu. Nimempigia, amepokea mara moja, anasema alikuwa akingoja nimwambie mali mpya imefika lini.